Ukitaka kuwa wa nyumbani kwenye ibada ya viziwi, usikimbie baada ya baraka

Naandika hii kwa ajili ya kiziwi aliehamia mjini hana mtu, na yule ambae masikio yamezima ukubwani lakini bado kila jumapili anakaa benchi la mbele kanisani kwao anatazama midomo ya mchungaji, kama mimi nlivyotazama miaka sita mizima nikitoka na neno moja moja la kubahatisha. Na mzazi mwenye mtoto kiziwi pia, nae kuna kitu chake humu.

Mi nimezaliwa Pasua, Moshi. Nilipata homa ya uti wa mgongo nina miaka 13, nilivyoamka wodini naona mama anaongea sauti haitoki nikajua amekabwa na kilio. Kumbe ni mimi. Nlikua kwaya ya watoto, sauti ya pili. Sasaivi nashona nguo hapa Arusha na jumapili yangu iko na viziwi wenzangu, ila katikati hapo kuna miaka nlipotea na mingi nliipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe, kwaiyo ntakwambia nlipojikwaa ili wewe upite pembeni.

Kwanza kuwapata. Usianzie ofisini. Mi nlianza kwa kumuuliza mhudumu wa mlangoni kwa karatasi, akanipeleka kwa mzee wa kanisa, mzee akavaa miwani akasoma, akaniandikia chini "tutakuombea binti yetu". Nilikua nimeuliza ibada ya viziwi iko wapi! Muulize kiziwi. Hata kama alama hujui hata moja, viziwi wapo kila kona ya mji huu, wapo mafundi cherehani, wapo wanaoosha magari, wapo wanaosuka, wapo wenye meza za mitumba sokoni Kilombero, na ukiona watu wawili wanaongea kwa mikono ng'ambo ya barabara pale stendi ndogo basi vuka, usione aibu. Wapungie mkono, gusa sikio lako alafu tikisa mkono kwamba hakuna kitu, kunja viganja kama mtu anaesali, alafu fungua mikono ya kuuliza. Umemaliza. Na kama huyo hajui anampigia mwingine video hapohapo barabarani, kwa sababu viziwi wa Arusha na wa Moshi wanajuana kama ukoo mmoja, kilomita themanini na kitu za katikati sio kitu kwao.

Njia zingine zipo. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, kina matawi mikoani, ukimpata kiongozi mmoja umepata grupu la WhatsApp na kwenye grupu ndo kila kitu kinatangazwa. Kuna waliosoma Mwanga, shule ya viziwi ya KKKT, yaani walutheri, kule Upareni, viziwi wengi wa kaskazini wamepita pale na wanashikana mpaka uzeeni. Kwa watu wa Arusha kuna Patandi pale Tengeru, chuo cha ualimu wa elimu maalum, walimu waliopita pale wengine wanazijua alama na jumapili unawakuta wanakalimani. Na wiki ya mwisho ya septemba ni wiki ya viziwi duniani, tarehe 23 ni siku ya lugha za alama (ni tarehe lilipoanzishwa shirikisho la viziwi duniani, mwaka 1951), kukiwa na maandamano au bonanza we nenda hata kama huna tisheti, utarudi na namba kumi kwenye simu.

Sasa ukishapata utakuta mahali pa aina tatu na hazifanani hata kidogo.

Kuna kanisa la wasikiao lenye mkalimani pembeni ya madhabahu. Kuna kanisa ambalo viziwi wana chumba chao na saa yao, mara nyingi darasa la sunday school lenye viti vya watoto magoti yanagusa kidevu. Na kuna kundi ambalo anaehubiri ni kiziwi, anaeomba ni kiziwi, anaekutangazia michango ya harusi ni kiziwi. Mi msimamo wangu nautoa mapema, kama la tatu lipo ndani ya nauli yako nenda la tatu. Hilo la kwanza linakupa mahubiri lakini watu halikupi. Mchungaji anatoa kichekesho, kanisa zima linacheka, mkalimani anamaliza kukitafsiri na wewe unacheka peke yako watu wameshafungua Zaburi. Mkalimani akipata malaria ndo basi wiki hiyo huna ibada. Na akiwa peke yake masaa matatu hana wa kupokezana nae, baada ya nusu saa mikono imechoka na akili imechoka, anaanza kufupisha, mtu amehubiri dakika kumi jasho linamtoka unaletewa "anasema Mungu ni mwema". Kwaya ikisimama unaambiwa "wanaimba". Asante, naona.

Siwalaumu wakalimani jamani, wengi hawalipwi hata nauli. Nasema tu usidhani umefika.

Kwenye hizo mbili zilizobaki kuna kipimo changu kidogo, angalia funguo za stoo ziko kwa nani. Kama wanaofungua mlango, wanaohesabu sadaka na wanaopanga ratiba wote ni wasikiao na viziwi wamekaa wanasubiri kuhudumiwa, basi hapo ni huduma YA viziwi kwa jina tu. Kama kiziwi ndo anatafuta funguo mfukoni huku watu wanamsubiri mlangoni wamenuna, kaa hapo.

Alafu swala la dhehebu. Huku kwetu ni zito, mtu wa Machame anazaliwa mlutheri, wa Kibosho anazaliwa mkatoliki, ukihama ni kikao cha ukoo. Viziwi wengi hawana anasa hiyo, kwetu pale kuna mkatoliki, kuna msabato ambae jumamosi ameshasali kwao jumapili anakuja kutusalimia, kuna walokole, maana lugha ndo inatukusanya. Ushauri wangu ni wa mtu aliezika baba, usijifute nyumbani. Endelea kuandikwa kwenye jumuiya yenu, bahasha yako iende hata kwa M-Pesa kupitia mama, kwa sababu siku ya ubatizo wa mtoto, siku ya ndoa, siku ya msiba wataulizia kadi na wataulizia kama ulikua unashiriki jumuiya, na siku hiyo hutaki kuanza kubishana na katibu kwa kuandikiana karatasi huku jeneza liko sebuleni.

Mkatoliki kitu kingine, kitubio. Wengi wanaacha miaka kwa aibu ya kumwambia padre dhambi mbele ya mkalimani. Sheria ya kanisa inaruhusu kuungama kupitia mkalimani na huyo mkalimani anafungwa na siri hiyo, hana ruhusa ya kuitoa kwa mtu. Kuandika kwenye karatasi pia watu wanafanya, karatasi unarudi nayo unaichana mwenyewe. Ila dada mmoja wa kwetu aliniambia yeye anachagua padre mzee asieona vizuri, basi nikamwacha.

Na ndugu zangu waislamu, najua wachache hapa mjini, swala yenyewe kwa kiziwi inafuatika kwa macho, unakaa safu ambayo unamwona aliembele yako, akiinama umeinama. Khutba ndo pagumu. Wanachofanya ni mmoja anaejua alama anakaa pembeni amewageukia, na wakitoka wanarudia yote kwenye baraza. Kama una mashaka kuhusu shahada au ndoa, mafakihi walishasema zamani kwamba ishara ya asieweza kutamka inasimama mahali pa maneno, asikutishe mtu.

Haya umeingia. Jumapili ya kwanza.

Usikae nyuma kwa unyenyekevu, nyuma huoni. Kaa mahali ambapo macho yako yanafika kwa mikono ya anaehubiri bila kichwa cha mtu katikati, na kama viti vimepangwa nusu duara usivipange upya mistari kama kanisani kwenu. Wakati wa maombi USIFUMBE MACHO. Hii ilinichukua wiki tatu. Nimelelewa kwamba maombi ni kufumba macho na kuinamisha kichwa, nikafumba, nafungua naona watu wote wananitazama wamekaa na mimi peke yangu nimesimama, maombi yaliisha zamani. Kwetu anaeomba mikono inaongea na nyie mnamtazama, amina mnaisema kwa mikono. Na mkishikana mikono kwenye duara basi hakuna mtu anaweza kuomba, mikono yote imefungwa, kwaiyo usimshike mkono jirani ukidhani unaonesha upendo.

Kumwita mtu gusa bega, au punga, au zima na kuwasha taa. Kukanyaga sakafu kwa kishindo kunafanya kazi kwenye mbao, kwenye sementi unaumia mguu tu. Ukitaka kupita katikati ya wawili wanaoongea pita moja kwa moja, usisimame kuomba samahani katikati maana hapo ndo umewakata. Makofi ni mikono juu inatikisika. Mhubiri asisimame na dirisha mgongoni, uso unakua kivuli cheusi, ukiona hivyo hata wewe mgeni una haki ya kunyoosha mkono na kumwambia asogee, hakuna atakaekasirika. Mtu anapokuongelesha ukageuza macho kuangalia simu umemziba mdomo, ni tusi hilo, mi nimegombana na watu kwa sababu ya tabia hiyo kabla sijaelewa.

Alafu jiandae na ukweli wa mdomoni, yani wa mkononi. Viziwi hatuzungushi. Umenenepa utaambiwa umenenepa na utaoneshwa umenenepa kiasi gani. Umepungua utaulizwa unaumwa nini mbele za watu. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani nikalia, kumbe alienisema chunusi zangu alikua amekaa wiki nzima ananitafutia dawa yake kwa sababu alijali.

Lugha sasa. Wewe ambae ulisikia zamani kama mimi, Kiswahili chako kitakuponza. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili ina sarufi yake, haifuati mpangilio wa Kiswahili, na nusu ya sarufi iko usoni, nyusi, mashavu, bega. Mi nlijifunza alama kwenye picha nikawa napanga neno kwa neno, "mimi" "na" "enda" "soko" "ni", watu wananiangalia kwa huruma kama wanavyomwangalia mzungu anaesema shikamoo kwa mtoto. Jifunze kwa watu. Kaa na wazee na kaa na watoto, hao hawakupunguzii mwendo. Usije na video za alama za Marekani ulizotoa mtandaoni ukaanza kusahihisha mzee wa miaka sitini aliesoma Tabora, hiyo ndo shule ya kwanza ya viziwi nchini, ilifunguliwa 1963 na wakatoliki, na mzee wetu mmoja anasimulia walivyokua wanachapwa vidole wakikutwa wanaongea kwa mikono darasani, walitakiwa watoe sauti. Ushetani huo ulitoka mbali, walimu walikaa kikao Milan Italia mwaka 1880 wakapitisha kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kuongea, alama zipigwe marufuku, na viziwi kwenye kikao chenyewe walikua wa kuhesabu. Basi mzee akikuonesha alama ya kwake ya "neema" ambayo haifanani na ya waliosoma Mwanga wala ya waliosoma shule ya viziwi Buguruni kule Dar, we chukua zote tatu.

Biblia vilevile, usishangae ukiona watu hawafungui kitabu. Kiswahili cha kuandikwa kwa kiziwi wa kuzaliwa ni lugha ya pili, na Kiswahili cha Biblia ni cha pili na nusu, "akanena akasema amin amin", atakushika wapi. Biblia nzima ya kwanza duniani kwa lugha ya alama ilikamilika 2020 tu, nayo ni ya Marekani. Kwaiyo kwetu neno linaigizwa, mtu mmoja anakua Petro, mwingine mashua.

Sasa nifike mahali panaponichoma. Maombezi.

Ukiwa kiziwi kanisani kuna mtu atataka kukufungua masikio. Mimi nimepelekwa mbele sijui mara ngapi, mwaka mmoja kwenye mkutano mtumishi aliniwekea vidole masikioni akapiga kelele mpaka mate yananifikia, naona mishipa ya shingo imemsimama, watu wananyoosha mikono, mama analia, na sikusikia kitu, na nikaona hii haitaisha basi nikajiangusha. Nikalala pale chini nimefumba macho kwa aibu, na wakatangaza nimepona. Wiki mbili mtaani watu wananisemesha kwa mgongo wanipime. Sitaji jina la kanisa. Ila kabla hujajifunga mahali muulize kiongozi wazi kabisa, je hapa kuwa kiziwi mnakuona ni pepo? Akizungusha maneno, umepata jibu. Sisemi usiombewe, mi mwenyewe naombewa mgongo, cherehani inanimaliza. Nasema usikae mahali ambapo unahesabika mgonjwa kila jumapili mpaka siku utakaposikia.

Watakuletea Marko 7, yule kiziwi wa Dekapoli, Efatha, funguka. Twende nayo. Sisi pale tuliisoma, yani tuliiigiza, na fundi viatu mmoja ambae hajawahi kumaliza la saba akasimamisha mchezo katikati akasema ngojeni, kabla hajasema hilo neno Yesu amefanya nini? Amemtoa kwenye kelele za watu, pembeni, wawili tu. Amemgusa masikio kwa vidole. Amemgusa ulimi. Ametazama juu mbinguni, akaugua, na kuugua kunaonekana kifuani. Huyo ameongea nae kwa alama KWANZA, jamaa ameshaelewa kinachokuja kabla neno halijatoka. Nlikaa kimya na mikono yangu mapajani, nimesikia mahubiri ya Marko 7 tangu mtoto na hakuna aliewahi kuniambia hivyo. Wakikuletea Warumi 10, imani chanzo chake ni kusikia, waoneshe Luka 1 pale majirani wanampigia Zakaria ishara wajue mtoto aitwe nani, nae anaomba kibao anaandika. Kuhani huyo. Na Walawi 19 imeandikwa usimlaani kiziwi, iko palepale na kutomwekea kipofu kikwazo, ila hiyo hainukuliwi sana kwenye mikutano.

Ukipata vijana waliokata tamaa wasimulie habari za Andrew Foster. Mmarekani mweusi, uti wa mgongo ulimchukulia masikio akiwa na miaka 11, kama mimi tu nimemzidi miwili. Mweusi wa kwanza kupata digrii pale Gallaudet, chuo cha viziwi, mwaka 1954, miaka miwili mbele akaanzisha umisheni wake kwa viziwi na 1957 yuko Ghana anafungua shule, na kufika mwisho zilikua zaidi ya thelathini kwenye nchi za Afrika, shule na ibada kwenye chumba kimoja. Alikufa na ndege Rwanda, desemba 1987. Hakwenda kuwahubiria viziwi wasikie, aliwakuta na mikono yao.

Haya, narudi kwenye kichwa cha habari maana ndo kitu chenyewe nlichotaka kusema na nimekizunguka.

Mi nlihudhuria ibada ya viziwi mwaka mzima na sikua na rafiki hata mmoja. Naingia, natazama, nainama kwa baraka, natoka, nawahi hiace ya kwanza maana nyumbani kuna wali na sitaki maswali. Nikawa nasema viziwi hawa wana vikundi vyao, hawanipendi kwa sababu nilisikia zamani. Jumapili moja mvua ya aprili ikapiga, ile ya Arusha ya kutwa nzima, njia ya kutokea imejaa maji na mi sina mwavuli, nikabaki. Na ndo nikaona kwamba ile niliyokua naiita ibada ilikua ni utangulizi. Ibada ni masaa mawili, kinachofuata ni masaa matatu. Siku ya jua kinakua chini ya mjakaranda karibu na geti, siku ile kilikua kibarazani, chai ya tangawizi kwenye jagi la plastiki na maandazi ya baridi. Kule mbele nimeona mahubiri mwaka mzima, huku kibarazani nikaona mtu anaeleza bosi alivyomkata mshahara na watatu wanapanga nani anaeandika vizuri aende nae. Mama mmoja kaleta karatasi ya kliniki anaulizia nini hii kaandikiwa. Kikoba kinahesabiwa. Kijana anatafutiwa mchumba bila kuulizwa. Mwingine ana msiba Marangu na watu wanachangishana nauli na wanabishana nani atakaa mbele kumtafsiria mazishi, maana mwaka juzi alimzika bibi yake akiwa hajui hata lini jeneza linashushwa. Unaona? Mimi nilikua nakimbilia wali.

Na viziwi hatujui kuagana. Wiki nzima mtu amekaa kazini na wasikiao hajapata wa kuongea nae sentensi mbili zilizonyooka, jumapili ndo mdomo umefunguliwa, unadhani ataondoka saa saba? Mnaagana mlangoni, mnaagana kwenye geti, mnaagana barabarani, hiace imesimama konda anapiga bati na wao bado wanaelezana.

Siku ile ya mvua ndo nilipewa jina. Jina la alama hujipi, unapewa, na huchagui. Wangu walinipa vidole viwili vinatoka machoni vinakwenda mdomoni, yani yule anaetazama midomo, kwa sababu mwaka mzima nlikua nawakodolea midomo ambayo haisemi kitu. Nilikasirika. Nikaomba nibadilishiwe kuhusu ushonaji, wakacheka mpaka chai ikamwagika. Ninalo mpaka leo na mtu akinitambulisha kwa jina lingine naona kama ananiita mgeni.

Baada ya hapo tafuta kazi ya kushika. Beba mabenchi, osha vikombe, kunja kapeti. Sisi tuliosikia zamani tuna kitu kimoja, Kiswahili cha kuandika tunakiweza, basi kitumie kuandika barua za watu, kusoma mikataba ya vyumba, kumwandikia mtu maelezo aende nayo polisi. Ila usipande kichwa. Ukianza kumjibia mtu kabla hajauliza, ukianza kukaa mbele kwa sababu unaweza kutamka, watakunyamazia na utastahili.

Mzazi, kwa kifupi maana nimechoka vidole. Mlete mtoto mapema, miaka mitatu minne, asisubiri komunio wala kipaimara. Na wewe ingia usimwache getini kama daladala imeshusha abiria. Mtoto anaeona mzee kiziwi mwenye nyumba, mke na pikipiki anapata picha ambayo huwezi kumpa wewe. Neno bubu liache hukohuko, sisi ni viziwi na hatuoni haya kuitwa hivyo.

Na msikiaji unaetaka kuja kujifunza alama, karibu, kaa mwaka mzima ndo uombe maiki. Na ukija na wageni wenye kamera tuambie mapema, kuna jumapili nimejikuta kwenye bango la mtu la kuchangisha fedha nimeinua mikono nasema "mvua imeanza".

Mawili ya kujihadhari. Umbea wa mikono unasafiri kuliko wa mdomo na hauna kunong'ona, mtu yuko ng'ambo ya barabara anasoma unachosema, kwaiyo siri yako ipeleke ndani ukiwa umegeukia ukuta. Na vipindi vya jioni, umeme ukikatika wasikiao wanaendelea kuimba gizani hata hawashtuki, sisi ibada imekatika katikati ya neno, basi simu yako iwe na chaji na tochi mulika mikono ya anaeongea, usimmulike machoni.

Jumapili yako ya kwanza usiweke miadi ya saa nane na mtu yeyote. Nauli ya kurudi weka pembeni kwenye soksi maana kwenye chai kuna michango mitatu na hutaweza kukataa. Na mama mtumie meseji kabla hujatoka, mwambie chakula akifunike.